Jumlisha-Toa: Kutoka Hamugembe Hadi Katuruka

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, ardhi ya Bukoba ilitikisika, na Hamugembe ikawa miongoni mwa kata zilizoumia vibaya. Nyumba za udongo zilikaa chini, za matofali zikapasuka kuanzia kwenye linta, na watu wakahamia nje na magodoro yao. Serikali ilitaja vifo 17. Ukubwa wa tetemeko lenyewe ulitajwa mara mbili: taarifa za awali zilisema 5.7, Wamarekani wanaofuatilia matetemeko duniani wakasema 5.9. Wengi waliona ni tofauti ndogo tu. Kumbe kwa kipimo cha namna ile, hiyo 0.2 maana yake ni kwamba nishati iliyofumuka ardhini ni kama mara mbili. Kuta za Hamugembe hazikungoja wataalamu wakubaliane.

Waliobaki na kiwanja walihitaji matofali. Tofali la kuchoma linataka tanuri, tanuri linataka magogo, na gogo likiungua hewaukaa inapanda juu pamoja na methani kidogo. Nilitaka kujua hewa hiyo imeandikwa wapi. Imeandikwa, ndiyo. Imo katika hesabu ya taifa ya gesijoto, imechanganywa na kuni zote za nchi hii katika mstari mmoja, na aliyeuandika mstari huo hakuliona tanuri lolote la Hamugembe. Alikadiria, na hapakuwa na njia nyingine.

Safari niliyoifanya kutoka hapo ni fupi kwa kilomita, kusini kuelekea Katuruka na Kemondo hadi Muleba, lakini inarudi nyuma miaka 2,500. Nilikuwa nafuata mkaa, mtoto wa kuni zile zile.

Nilianzia sokoni, ambako mama mmoja alikuwa akifunga gunia. Kufunga gunia la mkaa ni ufundi. Salfeti inajazwa mpaka mdomoni, kisha vipande virefu vinapangwa kwa kusimamishwa kuzunguka ukingo, katikati kunajazwa tena, halafu majani yanafunika juu na kamba inasukwa kama wavu. Kilichozidi mdomo wa gunia kinaweza kukaribia nusu ya kilichomo ndani. Vipande vidogo na vumbi vinakaa chini kabisa, ambako mnunuzi hafiki mpaka siku ya mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gunia au debe?"

"Nataka kujua gunia lina kilo ngapi."

Alinitazama kuona kama natania. "Gunia ni gunia, waitu. Ukitaka kilo nenda kwenye sukari."

Huo ndio ugumu wote wa hesabu ya taifa, na mama yule aliusema bila kuacha kusuka kamba. Kwenye viazi na vitunguu tuna Wakala wa Vipimo wanaokimbizana na lumbesa, ule ujazo unaozidi mdomo wa gunia, miaka nenda miaka rudi. Kwenye mkaa lumbesa ndiyo kipimo chenyewe. Mtafiti anayehoji kaya huambiwa "gunia moja na nusu kwa mwezi", naye lazima aligeuze liwe kilo. Tuseme ameamua kwamba gunia ni kilo 50. Sasa anahitaji kujua ni kuni kiasi gani zilizokwenda kwenye tanuri. Tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa majani na udongo, hurudisha mkaa wa kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa kuni, kutegemea ukavu wa mti na uangalifu wa mchomaji. Kwa asilimia 20 gunia limekula kilo 250 za kuni, kwa asilimia 10 limekula 500. Karibu nusu ya kuni kavu ni kaboni, na mwongozo wa kimataifa unaweka 0.47. Igeuze kaboni hiyo kuwa hewaukaa na gunia moja linakupa kilo 430 au kilo 860. Hapo hatujauliza gunia lenyewe lina uzito gani, wala kaya ngapi zinanunua.

Ndiyo maana makadirio ya mkaa wa nchi yanapishana hivi. Benki ya Dunia mwaka 2009 iliandika kwamba Tanzania inatumia takriban tani milioni 1 kwa mwaka, nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Miaka mitano baadaye, kazi ya kuandaa mkakati wa nishati ya tungamotaka ilitaja milioni 2.3. Watanzania hawakuongeza majiko zaidi ya mara mbili katika muda huo. Aliyebadilika ni mwenye kuhesabu, na namna yake ya kuhesabu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulisainiwa Rio mwaka 1992, na Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Kila nchi mwanachama ilitakiwa kuandika gesi zake. Hapa kwetu kazi ya mwanzo ilifanywa na kituo cha utafiti cha CEEST cha Dar es Salaam, mapema katika miaka ya 1990, na taarifa rasmi ya kwanza ya taifa ikakabidhiwa mwaka 2003. Kanuni haina uchawi: shughuli iliyofanyika, mara gesi inayotoka kwa kila kipimo cha shughuli hiyo. Lita za dizeli mara kilo za hewaukaa. Ng'ombe mara kilo za methani. Hekta zilizofyekwa mara tani za kaboni.

Dizeli ina bahati. Inapita bandarini, inatozwa kodi, na mtoza kodi ana makaratasi yake. Kwa nchi zenye takwimu nzuri, hesabu ya mafuta na makaa ya mawe huwa na shaka ya asilimia 5 hivi juu au chini. Ng'ombe hana bahati hiyo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, unampa kila ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kilo 31 za methani kwa mwaka, awe ni yule mwenye pembe ndefu wa Karagwe au mfupi wa Dodoma anayemaliza kiangazi kwa kula mabua. Mwongozo wenyewe ni mkweli: unasema namba hizo haziwezi kujulikana kwa usahihi kuliko jumlisha-toa asilimia 30, na huenda shaka ikafika 50. Kisha methani inageuzwa kuwa hewaukaa ili vyote vijumlishwe pamoja, na kigeuzi hicho nacho hakitulii. Kilikuwa 21, kikawa 25, sasa ni 28. Ng'ombe yule yule, kwenye zizi lile lile, ameongezewa theluthi moja ya makosa bila kupiga mbweu hata moja zaidi.

Ukiwa na shaka mbili, moja ya idadi na moja ya kigeuzi, hazijumlishwi tu kichwa kwa kichwa. Unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili. Kwa hiyo asilimia 50 za magunia na asilimia 50 za tanuri zinakupa asilimia 71 hivi. Namba ya mkaa yenye shaka ya 71 kwa mia si ya kutupa, ila ni ya kuandikwa pamoja na shaka yake.

Jambo hili liliwahi kuwa la kugombania. Mwaka 1990 taasisi moja ya Washington ilitoa orodha ya wachafuzi wa anga, na India, China na Brazili zikaonekana karibu na kileleni, sehemu kubwa kwa sababu ya methani ya mashamba ya mpunga na mifugo na hewa ya misitu iliyokatwa. Mwaka uliofuata Anil Agarwal na Sunita Narain wa Delhi wakajibu kwa ukali. Walisema gesi ya mkulima anayejitafutia chakula imewekwa mizani moja na gesi ya gari la anasa, tena kwa takwimu za misitu zisizoaminika. Mtanzania aliyeibeba hoja hiyo mbali zaidi alikuwa Profesa Mark Mwandosya, ambaye aliongoza kundi la nchi zinazoendelea, G77 na China, kwenye mazungumzo ya Kyoto mwaka 1997, na baadaye akaandika kitabu juu ya gesi za kujinusuru. Nakubaliana naye katika haki. Katika hesabu ningeongeza neno moja: gesi ya maskini haina tu udhuru wa kimaadili, pia ndiyo ngumu zaidi kupima. Inatoka ardhini, mifugoni na jikoni, sehemu zisizo na risiti. Nchi tajiri na nchi maskini zikiandika kila moja tarakimu sita, ile ya tajiri ina uzito na ya maskini ina matumaini, na msomaji hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Turudi kwenye safari ya mkaa. Ukiuacha mji wa Bukoba kupitia Rwamishenye na kushika njia ya kusini, migomba inafunga pande zote na katikati yake kuna kahawa na miti ya kivuli. Katuruka iko upande wa Maruku. Hapo ndipo Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alipoelekezwa na wazee aliofika kuwasikiliza mwaka 1969. Walimwonyesha Kaiija, mahali pa mhunzi, palipokuwa na mti mkubwa. Walimpa na masimulizi yake: Mukama Rugomora Mahe, mtawala wa karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wafue chuma na kujenga mnara wa kufika mbinguni, akitaka kuona kulivyo. Mnara ulianguka.

Mtafiti mwingine angeandika masimulizi hayo, akashukuru, akaondoka. Schmidt alichimba. Chini ya ardhi ya mhunzi wa masimulizi alikuta ya mhunzi mwingine wa zamani mno: mashimo, mavi ya chuma, na mkaa. Mkaa ule ulipelekwa maabara. Majibu yaliyorudi yaliweka moto wa Kaiija katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, karne nyingi kabla ya Rugomora Mahe kuzaliwa. Wazee walikuwa wamebeba kumbukumbu ya mahali kwa muda ambao hakuna karatasi ya Bukoba ingeweza kuufikia, maana mji wenyewe, kama kituo cha Wajerumani, ulianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890.

Mwaka 1976, katika Mkoa wa Ziwa Magharibi kama Kagera ilivyoitwa wakati huo, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walikubali kuifanya tena kazi hiyo. Waliiacha miaka mingi kabla, chuma cha madukani kilipoua soko lao. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma vya zamani, wakaunguza majani ya kinamasi kwenye shimo lake, wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani ya moto, wakavuta mivukuto. Jaribio halikwenda sawa mara moja, mikono ilikuwa imesahau. Lakini chuma kilitoka. Tarehe 22 Septemba 1978 jarida la *Science* lilichapisha makala ya Schmidt na mwenzake Donald Avery: Wahaya, wenyeji wa sehemu hii, walitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa hewa iliyopata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na hapakuwa na mtu wa kushangilia makala.

Sehemu ya hewa moto ilipingwa. J. E. Rehder aliandika mwaka 1986 kwamba joto lile halikuhitaji maelezo hayo, na mabishano yakaendelea. Mimi si fundi wa tanuri, lakini naona pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya kitu kilichopimwa, tena mbele ya wazee wenye ujuzi wenyewe. Wengi wao sasa hawapo. Kagera ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kugundulika na UKIMWI, mwaka 1983, na Schmidt aliporudi Katuruka miongo kadhaa baadaye alikuta kizazi cha wasimulizi kimepukutika. Wanakijiji ndio waliosimama kuandika kilichobaki na kuirudisha Kaiija kuwa mahali pa kutembelewa.

Kinachonivutia pale ni ule mkaa wa maabara. Willard Libby alibuni mbinu ya kaboni-14 mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mti ukiwa hai unavuta kaboni-14 kutoka hewani, ukifa unaacha, na kiasi kilichomo kinapungua kwa nusu kila miaka 5,730. Tangu mwanzo Libby hakutoa mwaka mtupu. Kila jibu lilikuja na alama ya jumlisha-toa na idadi ya miaka pembeni. Mwanaakiolojia anayetaja tarehe bila alama hiyo huonekana kama aliyesahau kufunga vifungo vya shati.

Alama yenyewe haitoshi. Ipo shida mbili zinazouhusu moja kwa moja mkaa wa Katuruka. Ya kwanza ni mti mzee. Kaboni-14 haielezi siku mkaa ulipochomwa, inaeleza siku pete ile ya mti ilipoota. Mti wa miaka 300 ukiangushwa leo, mkaa wa moyo wake utasomeka kuwa wa miaka 300 iliyopita, na wahunzi walipenda magogo magumu ya miti iliyokomaa. Ya pili ni hila ya anga. Wataalamu walipolinganisha kaboni-14 na pete za miti zilizohesabiwa moja moja, walikuta kwamba kati ya takriban mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo mstari wa marekebisho umelala. Kitu cha mwaka 750 na kitu cha mwaka 420 vinatoa jibu karibu lile lile. Hapo ndipo tarehe za kale za Kaiija zilipoangukia. Unaweza kununua mashine bora kuliko zote duniani, lakini karne zile nne zitabaki zimeshikana.

Wanaakiolojia wamebishana kwa nusu karne. Wapo wanaoziamini tarehe za Schmidt, wapo wanaosema chuma cha Buhaya ni cha karne za baadaye. Lakini pande zote huzitaja tarehe hizo pamoja na jumlisha-toa yake.

Ila mkaa hutoka msituni, na swali la nani aliukata msitu wa eneo hili ni gumu zaidi. R. L. Kendall alichapisha mwaka 1969 matokeo ya kuchunguza chavua katika tope lililotolewa chini ya Ziwa Victoria, ghuba ya Pilkington upande wa Uganda. Msitu unaonekana kupungua katika miaka 3,000 hivi ya mwisho. Hali ya hewa ilikuwa ikikauka, na wakati huo huo watu wa mashoka walikuwa wakiingia. Nani alaumiwe? Huko Kemondo, ambako Schmidt na wenzake walichimba tanuri nyingi za milenia ya kwanza baada ya Kristo, Schmidt anaona katika aina za mkaa dalili za wayeyushaji waliomaliza miti mizuri na kuanza kutumia ya pili. Mmarekani mwingine, William Ruddiman, alipendekeza mwaka 2003 kwamba wakulima wa kale duniani walianza kuongeza gesijoto maelfu ya miaka kabla ya viwanda. Nadharia hiyo ina wapinzani wengi, na sidhani kwamba moshi wa Kemondo ungeonekana kwenye barafu ya Antaktika. Ila swali lake ndilo lile lile la waandishi wa hesabu ya taifa: ni kaboni ipi iliyotolewa na mkono wa mtu, na ipi na jua?

Jaribu basi kuwaingiza wahunzi wa Kemondo kwenye majedwali ya leo. Chuma kinaingia kwenye viwanda. Methani ya kuchoma mkaa inaingia kwenye nishati. Lakini hewaukaa ya mkaa huo haijumlishwi kwenye nishati. Inatajwa pembeni kama kumbukumbu tu, kwa sababu inatakiwa ihesabiwe kwenye ardhi, pale msitu ulipopungua. Kanuni hiyo ni ya busara, inazuia kaboni moja kuhesabiwa mara mbili. Ila inabeba dhana kwamba kuna mtu aliyeuona msitu ukipungua. Asipoonekana, kaboni haihesabiwi hata mara moja. Na kiasi fulani cha mkaa wa Kemondo hakikuwa hewa kabisa: kiliingia ndani ya chuma na kukifanya kuwa chuma cha pua.

Je, yupo aliyeuona msitu wa Tanzania ukipungua? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika tathmini yake ya mwaka 2010 lilisema Tanzania inapoteza hekta 403,000 za misitu kwa mwaka. Kisha ikaja NAFORMA, tathmini ya kwanza ya misitu yote ya Tanzania Bara, iliyoungwa mkono na Finland na FAO. Wapimaji wake walikwenda kwenye viwanja zaidi ya 30,000, wakizungushia miti tepu kwenye usawa wa kifua. Ni kazi kubwa, na naiheshimu kuliko ripoti zote za mezani nilizosoma. Ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu, pengo la meta za ujazo milioni 19.5 kwa mwaka kati ya kuni na mbao zinazohitajika na zinazoruhusiwa kuvunwa, na upotevu wa hekta 372,816 kwa mwaka. Kazi hiyo ilipokuwa ikitoka, tayari nyingine ilikuwa inaandaliwa ya kuweka kiwango rejea cha misitu kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, kwa picha za setilaiti za 2002 hadi 2013. Hiyo ilitoa hekta 469,420.

Namba tatu, nchi moja, miaka inayoingiliana. Katika hotuba za Siku ya Mazingira ile ya mwisho ndiyo iliyoshika, na hutamkwa yote mpaka kwenye hizo 20 za mkia. Hizo 20 zinanichekesha kila mara. Tofauti kati ya namba ya pili na ya tatu ni karibu hekta laki moja, halafu tunashikilia hekta ishirini.

Ukitaka kujua kwa nini setilaiti inahangaika, panda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, wilaya ya Muleba. Kwa sheria ya hesabu, msitu wa Tanzania ni eneo lisilopungua nusu hekta, matawi yakifunika walau asilimia 10, miti ikiwa na uwezo wa kufika meta 3. Piseli ya Landsat ni meta 30 kwa 30, kwa hiyo nusu hekta ni piseli tano na ushei. Sasa tazama kibanja cha Mhaya. Chini kuna maharage, juu yake kahawa, juu yake migomba, juu yake miti ya mishambya na misizi ambayo babu aliiacha. Kutoka angani ni kijani kimoja kilichofumbana, na kwa asilimia 10 ya kivuli kimefuzu mara nyingi. Lakini ni shamba. Hatua chache tu, mwisho wa migomba, rweya inaanza: nyasi tupu zinazochomwa moto kila kiangazi, udongo wa kijivu usio na kitu. Wahaya kwa vizazi wamekata nyasi za rweya na kuja kuzitandaza kwenye kibanja, pamoja na samadi na majivu ya jikoni. Kaboni imehamishwa kwa vichwa vya wanawake kutoka udongo mmoja kwenda mwingine. Kigeuzi cha jumla cha udongo wa ukanda huu kikipachikwa hapa, kitakipunja kibanja na kuizidishia rweya, na wastani utaonekana safi.

Ipo njia ya kukagua hesabu kutoka juu, na inapita kwenye kaboni-14 ile ile ya Katuruka. Mafuta na makaa ya mawe ni ya kale mno, kaboni-14 yake iliisha zamani, kwa hiyo moshi wa mafuta unapunguza kaboni-14 ya hewa na unaweza kutambulika. Uingereza na Uswisi tayari hulinganisha taarifa zao na vipimo vya angani. Majirani zetu wana vituo: Kenya juu ya Mlima Kenya, Rwanda juu ya Mlima Mugogo. Bahati mbaya ni kwamba moshi wa mkaa wa Hamugembe una kaboni-14 mpya kabisa, ya mti wa juzi. Haujitofautishi na pumzi ya ng'ombe wala ya msitu wenyewe usiku. Kwa gesi za namna yetu, mlinzi wa mlangoni hamjui mgeni na mwenyeji.

Haya yote yana bei. Mfuko wa Kaboni wa misitu unaosimamiwa na Benki ya Dunia huipunguzia nchi malipo kulingana na shaka. Ikiwa shaka haizidi asilimia 15, hakuna makato. Ikivuka 15 mpaka 30, asilimia 4 ya hewa uliyookoa inawekwa kando. Mpaka 60, asilimia 8. Mpaka 100, asilimia 12. Zaidi ya hapo, 15. Kwa nchi iliyotoa Kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022 na kukiweka Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hayo si mambo ya kitaaluma tu. Halmashauri zinaingia mikataba juu ya tani.

Ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021 kwa Mkataba wa Paris iliandikwa kiungwana zaidi: kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, sawa na tani milioni 138 hadi 153, ukilinganisha na hali ya kuendelea kama kawaida. Angalau ina nafasi ya kupumua katikati. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Hapo ndipo gunia la mama wa sokoni linapopata umuhimu wa kitaifa. Kujua nchi inatumia mkaa kiasi gani hasa ni kazi ngumu, pengine haitakamilika. Kujua kama umepungua ni rahisi zaidi, kwa sababu kosa likiwa lile lile mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi, linajifuta lenyewe ukilinganisha mmoja na mwingine. Sharti ni kwamba gunia lisibadilishwe katikati. Ukianza na milioni 1 ya kitabu kimoja na kumaliza na milioni 2.3 ya kingine, utakuwa umeongeza hewaukaa ya nchi ofisini, bila mti kuanguka.

Kinachotakiwa kingegharimu kidogo kuliko semina moja ya Dodoma. Chagua masoko, Hamugembe, Kemondo, Muleba mjini, Biharamulo yanakotoka magunia mengi. Pima magunia yenye lumbesa yake, masika na kiangazi, kwa njia ile ile kila mwaka. Andika wastani na andika jumlisha-toa yake. Wakala wa Vipimo wana mizani, na wanajua kuikagua.